Kijiwe cha Kuandika

Mtaani walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza akiwa bado msichana wa shule, na alipoinuka kitandani masikio yote mawili yalikuwa yamekwisha kazi. Maneno alibaki nayo. Ila kwa kuwa hakujisikia tena, sauti yake ilianza kwenda ilikotaka yenyewe, mara juu, mara chini, mara ikakwama puani. Watoto walimwigiza njiani. Watu wazima hawakumwigiza. Walitazamana tu, na hilo ndilo lililomkata maini. Mwishowe akafunga mdomo. Aliongea na mdogo wake peke yake, basi.

Mdogo wake alikuwa msusi, na nyumba yao ya kupanga waliigawana kikazi. Chumba cha mbele kilikuwa cha nywele: kioo kirefu, viti viwili, mafuta, vitana, na wateja wenye habari za mji mzima. Chumba cha nyuma kilikuwa cha dada mtu. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyochomwachomwa na moto wa kulehemu, makasha ya vipuri, nyaya zilizofungwa kwa mipira ya nywele aliyoiomba kule mbele, na kompyuta za watu zikiwa matumbo nje. Wateja walimwachia Msusi mashine na maelezo, Msusi akayapeleka nyuma. Fundi mwenyewe wengi wao hawakuwahi kumwona usoni.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo hakuna aliyemwita Bubu. Huko aliitwa Bisibisi.

Mahali hapo paliitwa Kijiwe cha Kompyuta. Kilikuwa ukurasa wa mtandaoni, wa kizamani, rangi yake ya kijivu, hauna hata picha. Mtu aliyekwama na mashine yake aliandika shida yake pale, na wanaojua wakamjibu kwa maandishi. Alikianzisha mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alipostaafu, na wote walimwita Mwenyekiti. Bisibisi aliingia mara ya kwanza na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na shemeji yake, iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Walimwongoza hatua kwa hatua mpaka ikapona. Hakuondoka. Alisoma maswali ya wengine na majibu yake, akafungua mashine, akaharibu, akatengeneza. Siku moja mtu akauliza jambo ambalo Bisibisi alilijua, akajibu. Tangu siku hiyo akawa mwenyeji.

Hakuwahi kudanganya. Hakuna aliyemuuliza kama anasikia, kwani nani anauliza swali kama hilo kwenye maandishi? Kuna nyakati mtu aliandika kwamba kompyuta yake inapiga milio kisha inagoma, na wenzake wakabishana ni milio mingapi na maana yake nini. Bisibisi alikuwa na mashine ya kujifunzia mezani. Alilegeza kipande cha kumbukumbu ili nayo igome na kupiga milio, akaiwasha, akaweka ncha ya kidole juu ya kile kispika kidogo cha ndani, akahesabu mitetemo. Kisha akaandika jibu lake kama wote.

Mtu aliyekuwa akimbishia kuliko wote aliitwa Kobe. Alikuwa fundi wa mji mwingine, mzee kuliko yeye, na jina lilimfaa: aliandika kwa kidole kimoja, na jibu lake lilifika wengine wakiwa wameshamaliza kugombana. Lakini likifika, limefika. Yeye na Bisibisi walikuwa watani.

«Mtani, hiyo ni pawasaplai, umeme haufiki,» Bisibisi angeandika.

«Wewe hata ukiumwa jino utasema pawasaplai,» angejibu Kobe. «Umekosea. Rudi ukasome swali.»

Naye angerudi, akasoma, na mara nyingine akakuta kweli amekosea. Mara nyingine ni Kobe aliyekosea, na hapo Bisibisi hakumwachia hata kwa dawa. Alimkumbusha wiki nzima. Neno hilo, umekosea, alilipenda kuliko sifa. Mtaani hakuna aliyemwambia amekosea. Walimwitikia kwa kichwa, wakatabasamu kwa meno yote, kisha wakamgeukia Msusi kuuliza mambo ya maana.

Tangazo la kufunga aliliona asubuhi, amesimama, brashi ya vumbi mkononi. Mwenyekiti aliandika hivi:

«Wanangu, macho yameniishia. Daktari amesema yaliyobaki hayarudi. Haya naandikiwa na mke wangu. Kijiwe hakiwezi kukaa bila mlinzi, matapeli wataingia wawaibie watu, nami siwezi tena kulinda nisichokiona. Mwisho wa mwezi, saa sita mchana, nitakifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini tusiagane kabisa. Vijana wameshauri tuhamie kwenye kundi la simu. Kule hakuna kuandika. Unabonyeza, unaongea, unaachia. Vidole vitapumzika, nami nitawasikia wote. Nimefurahi mno kwamba nitawasikia.»

Bisibisi aliisoma sentensi ya mwisho mara kadhaa. Majibu yalikuwa yameshaanza kumiminika chini yake. Hongera Mwenyekiti. Wazo zuri. Hatimaye tutajuana sauti! Kobe aliandika, baada ya wengine wote kama kawaida yake: «Nilijua tu Mungu ataniondolea adhabu ya kuandika.»

Aliweka brashi chini. Alitaka kumkasirikia mtu, akakosa wa kumkasirikia. Mzee asiyeona umkasirikie kwa kutaka kusikia?

Alijiunga na lile kundi. Jioni ya kwanza simu ilitetemeka mfululizo mezani mpaka ikasogea yenyewe. Aliifungua, akakuta safu ya vijistari vya sauti, kimoja chini ya kingine, kila kimoja na mshale wake wa kubonyeza. Hapakuwa na neno hata moja. Aliipeleka simu chumba cha mbele.

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, vidole vimejaa rasta. Aliminya simu kati ya sikio na bega, akasikiliza, huku akimwonyesha dada yake midomo aisome.

«Mmoja ana kompyuta… anasema ukiiwasha inaonyesha… sijui nini ya buluu.»

«Skrini ya buluu. Ina maandishi gani?»

«Ametaja kitu. Mazaboti? Mbazabodi?» Msusi alibonyeza nyingine. «Huyu anamjibu. Anaongea kama anakimbizwa. Halafu… wamecheka.»

«Wamecheka nini?»

«Hata sijui, dada. Wamecheka tu.»

Mteja naye alikuwa anacheka, kwa kile alichokisikia. Bisibisi alichukua simu yake akarudi nyuma.

Usiku Msusi alimfuata, akaketi kwenye kasha la vipuri.

«Waambie tu husikii. Wakuandikie wewe. Kuna ubaya gani?»

«Nikiwaambia watanihurumia.»

«Kuhurumiwa si kutukanwa.»

«Kwako wewe,» alisema Bisibisi.

Msusi aliangalia mikono yake. Alimjua dada yake; alijua pa kuishia.

Wiki ya mwisho Mwenyekiti alifungua ukurasa mmoja wa kuagana, kila mtu aseme lake. Bisibisi aliacha kazi za watu zikalala, akawa anakaa pale kutwa, kama mtu anayekaa na mgonjwa. Waliandika hata waliopotea miaka mingi. Mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa barua aliandika kwamba alifika hapo hajui hata kuwasha mashine, na leo ameajiri wasichana wawili. Askari wa gereza alisema usiku wa zamu ulikuwa mrefu na Kijiwe ndicho kilichomfanya asirudie pombe. Mwingine alikiri kwamba shida zake nyingi alizibuni, alikuwa anatafuta watu wa kuongea nao. Wakamjibu: «Tulijua. Kompyuta gani inaingia maji kila Jumamosi?»

Bisibisi alicheka, kisha akalia, kisha akaandika maneno machache ya shukrani, ya kawaida, akayafuta, akayaandika tena.

Kobe aliandika ya kwake siku moja kabla ya kufunga.

«Mtani wangu Bisibisi. Nimegombana na wewe kuliko nilivyogombana na mke wangu, na sijawahi kuisikia sauti yako. Kule kwenye kundi nakuona upo lakini husemi. Unaringa. Niwekee namba yako. Kesho kabla hapajafungwa nikupigie, tugombane kwa mdomo walau mara moja, kisha tufe vizuri.»

Chini yake wakapiga vigelegele vya maandishi. Mpe! Mpe! Usimkimbie mzee!

Angeweza kukataa. Alikaa na hilo neno la kukataa mpaka chai ikapoa. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine, kidogo, chenye aibu: tamaa. Kwamba huenda sauti yake haikuwa mbaya kama alivyoogopa. Kwamba mtu aliyeyajua maneno yake kwa miaka yote ile angeyatambua hata yakija yamechafuka. Aliweka namba.

Asubuhi ile alijizoeza. Aliweka kiganja kifuani ili aipime sauti, akasema sentensi zake mbele ya Msusi, polepole, na Msusi akawa anamwonyesha kwa mkono: shusha, shusha kidogo, hapo. «Hapo unaeleweka,» alisema Msusi, na alisema kweli. Yeye alimwelewa. Lakini yeye alikuwa amemzoea tangu utotoni.

Simu ilitetemeka. Kule mbele mteja aliachwa na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Msusi alipokea, akaweka spika.

«Ndiyo kaka, shikamoo. Yupo, huyu hapa.»

Akamsogezea. Bisibisi alishika simu kwa mikono miwili, kiganja kimoja kikaiacha kikarudi kifuani.

«Mtani,» alisema. «Ni mimi. Bisibisi. Umeandika miaka yote kwa kidole kimoja, leo nakusamehe.»

Alikuwa ameifikiria sentensi hiyo tangu alfajiri. Aliinua macho kumtazama Msusi usoni, kwa kuwa usoni mwa Msusi ndimo alimosikilizia dunia. Msusi alikuwa ameangalia chini.

«Amesemaje?»

«Anasema mtandao mbaya.»

«Usinidanganye. Nimekuona ukimeza mate.»

«Dada…»

«Amesemaje?»

Msusi aliinua uso, midomo isomeke. «Ameuliza, ni nani huyo analia.»

 Simu ilikuwa bado mikononi mwa Bisibisi, hai, na upande wa pili mtu alikuwa akiendelea kusema. Aliuona mshtuko ukipita usoni mwa mdogo wake. Msusi akainama karibu na simu, akasema haraka, «Kaka, tutakupigia baadaye, samahani,» akaikata. Kisha akataka kumkumbatia. Bisibisi alimzuia kwa mkono, bila ukali, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

Kijiwe kilikuwa bado kipo. Watu walikuwa wanahesabu dakika. Kobe alikuwa ameshaandika, kwa kasi isiyo yake: «Mtani kuna usalama? Nimesikia mtu analia hapo kwenu. Kuna msiba?»

Bisibisi aliweka vidole kwenye kibodi. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusemea.

«Hakuna msiba, mtani. Hakuna aliyekuwa analia. Ile ndiyo sauti yangu. Mimi ni kiziwi tangu shule, na nikiongea hutoka vile. Sikuwaambia kwa sababu hapa halikuwa jambo. Kule mnakohamia sitaweza kuja. Nawashukuru wote. Hapa nilikuwa nasikia.»

Akabonyeza. Akakaa.

Majibu yalikuja kama mvua ya mawe. Pole sana dada. Pole dada yetu. Kumbe! Jamani nimelia. Wewe ni shujaa. Mungu ana makusudi yake. Pole. Pole. Aliyasoma yote, na kila moja lilikuwa limeandikwa kwa moyo mweupe, hakulitilia shaka. Lakini alipokuwa akisoma aliwaona wakigeuka. Wale waliomwambia ana kichwa kigumu kama mazabodi ya kompyuta, wale waliomtania na kumpinga na kumwomba msaada wa haraka, walikuwa wanatabasamu kwa meno yote.

Mwenyekiti aliandika karibu na mwisho. Safari hii inaonekana hakumsubiri mke wake, kwa maana herufi zilikuwa zimegongana:

«Biniti yangu. nimesomewa. mimi nimefungua mlangp wangu nikakufungia wako. sikujua. ningejua sijui ningefanyaje. macho haya hayawezi tena. nisamehe binti»

Alianza kumjibu. Alitaka kumwambia hakuna cha kusamehe, kwamba yeye ndiye aliyempa kazi, na jina, na watu wa kugombana nao. Alikuwa katikati ya neno asante ukurasa ulipojaribu kufunguka upya, ukakataa. Ulibaki mweupe, na mstari mmoja wa maandishi madogo uliosema kwamba anwani hiyo haipatikani. Alibonyeza tena. Akabonyeza tena. Fundi anajua kubonyeza mara ya tatu hakubadilishi kitu, na alibonyeza.

Kule mbele mteja wa nusu kichwa alikuwa anamwita Msusi. Msusi hakwenda mpaka dada yake alipomwashiria aende.

Siku mbili baadaye Kobe alimtumia ujumbe wa maandishi kwenye simu. Bisibisi aliuona akaruka kitini kwa furaha. Bado yupo! Kijiwe kimekufa lakini mtani yupo, na anaandika.

«Dada mpendwa. Habari za afya yako? Natumaini unaendelea vizuri. Mungu akutie nguvu.»

Alijibu kwamba afya yake ni nzima, wala haikuwahi kuwa na shida, na kwamba yeye ndiye wa kuangaliwa afya, mzee wa kidole kimoja. Akasubiri kombora lirudi.

«Asante dada kwa kunijali. Ubarikiwe.»

Ikawa hivyo. Kila baada ya siku chache aliandika, bila kukosa. Sentensi fupi fupi, maneno mepesi, kama mtu anayemsemesha mtoto aliyeamka kutoka kwenye homa. Hakumwita tena mtani. Alimuuliza kama amekula. Alimuuliza kama kuna mtu wa kumsaidia kazi. Habari za kompyuta hakuzigusa, na Bisibisi alipozigusa yeye, Kobe alimsifu tu.

Mchana mmoja uvumilivu ukamshinda. Mezani alikuwa na kompyuta ya mpiga picha wa mtaa wa pili, inayowaka vizuri, inafanya kazi kidogo, inapata joto kama pasi, kisha inazima. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angemwambia: feni, vumbi, joto. Alichukua simu, akamweleza Kobe dalili zote, vizuri, bila kuficha hata moja. Kisha akaandika: «Mimi nadhani ubovu uko kwenye kibodi. Wewe unaonaje?»

Akaiweka simu mbele yake akaitazama. Alijua ameandika upuuzi. Alitaka aambiwe ni upuuzi. Alijikuta anamwomba kimoyomoyo: nitukane, mzee. Niambie hata nikiumwa jino nitasema kibodi. Niambie nirudi nikasome swali.

Kobe alijibu upesi. Siku hizi alijibu upesi.

«Ndiyo dada yangu, huenda ikawa hivyo. Umefikiri vizuri sana.»

Msusi aliingia akijifuta mafuta mikononi, akamkuta ameishika simu, uso umeloa.

«Nini tena? Nani amekuudhi?»

«Kobe.»

«Amesemaje?»

«Amekubali kwamba ni kibodi.»

Msusi alichukua simu, akasoma swali, akasoma jibu. Alisoma tena, akitafuta tusi lilipo.

«Lakini dada,» alisema mwishowe, akimgeuzia midomo aisome vizuri, «si vizuri basi? Si amekubaliana na wewe?»

Bisibisi alifungua mdomo amweleze, na kilichotoka hakikuwa maneno. Kilitoka chenyewe, kikubwa, na hakujua ukubwa wake ila kwa kumwona Msusi akishtuka, na kivuli cha mteja kikisimama mlangoni. Msusi hakumnyamazisha. Aliketi kwenye kasha la vipuri, goti lake likigusa goti la dada yake, akamwacha alie kama alivyolia. Kule mbele walisubiri.

Jioni ile aliifungua kompyuta ya mpiga picha. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi kabisa, haizunguki. Aliipiga brashi, akatia tone la mafuta, akaiwasha na kuweka kiganja chake ubavuni mwa mashine, na mtetemo ukaja, laini, usiokatika. Akaiacha ifanye kazi mpaka akahakikisha haizimi. Ilikuwa nzima. Hakuwa na wa kumwambia.